Mita 60 za Busega

Msikilizaji wa Bariadi, Maswa au Meatu, nikikwambia mkoa wa Simiyu una pwani unaweza kunicheka. Lakini tunayo. Wilaya ya Busega inapakana na Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Speke, na ukishuka Lamadi alasiri utayakuta mawimbi kazini.

Yanaletwa na upepo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na ile ya ziwani huja kushika nafasi. Ghuba yetu imefunguka magharibi, basi upepo huo husafiri mbali juu ya maji kabla ya kutufikia, na kadiri unavyosafiri ndivyo wimbi linavyokua. Likifika penye kina kifupi, sehemu yake ya chini hukokota, ya juu huenda mbele, linavunjika. Likija kwa mshazari, husukuma mchanga kando ya ufuko, kutoka mwalo mmoja hadi mwingine. Usiidharau kazi hiyo. Kule Uganda, maelfu ya miaka iliyopita, mchanga wa namna hiyo ulijenga tuta likaukata kabisa mkono mmoja wa Victoria. Leo huo mkono ni Ziwa Nabugabo, na lina aina za samaki ambazo Victoria yenyewe haina.

Mawe makubwa yaliyobebana kandokando ya ghuba, hayo msiyasingizie mawimbi. Ni matale yaliyomomonyolewa na maji ya mvua yakiwa bado chini ya ardhi, kisha udongo ukaondoka yakabaki wazi.

Na udongo ukiondoka huenda wapi? Hapo ndipo Bariadi inapoingia, kupitia mito. Takribani asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Kwa hiyo mto Simiyu, pamoja na Duma unaoungana nao, si wa kutegemewa kulijaza ziwa. Mzigo wake mkubwa ni udongo. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa mbuga huelea mbali na kuyageuza maji kuwa ya kahawia. Mchanga wa luseni hutua karibu na mdomo wa mto, kule Magu, na mawimbi huuchukua kutoka hapo. Shamba la pamba lililolimwa kufuata mteremko, ngitili, yaani malisho yaliyohifadhiwa, iliyokatwa yote ikawa mkaa, udongo wa vyote hivyo huishia ghubani.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Tanga bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na watu wa huko wanajua maji yanaishia wapi. Ziwa halina tabia hiyo, ndiyo maana linatudanganya. Mawimbi hupiga mstari uleule miaka na miaka, tunazoea, tunajenga. Kisha ziwa linapanda. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2006 lilikuwa limeshuka sana. Mei 2020 likavunja rekodi, na tofauti ya nyakati hizo mbili ni zaidi ya mita 2 pia. Wimbi lilelile hufika kwenye udongo laini ambao halijawahi kuugusa, na ukingo unabomoka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Ni sheria nzuri, ila fanya hesabu: penye ufuko unaopanda mita 1 kwa kila mita 60, ziwa likiongezeka mita 1 tu, akiba yote imeliwa. Aliyepima mwaka 2006 amepimia majini. Na mafunjo na matete tunayofyeka ili tuone ziwa vizuri ndiyo yanayolivunja wimbi nguvu kabla halijafika ukingoni.

Serikali za vijiji vya Busega, kabla hamjagawa kiwanja kingine ufukweni, waiteni wavuvi wawaonyeshe maji yalipofika mwaka 2020, mpime mita 60 kuanzia hapo.