Mtoto Aguse Ndipo Ajue

(Hotuba kwa wazazi na walimu, Mnero)

 

Tumeombwa tueleze habari za makumbusho ya watoto, yaani mahali ambapo mtoto anaruhusiwa kushika vitu na kuuliza maswali.

Makumbusho ya kwanza ya watoto duniani yalifunguliwa Brooklyn, Marekani, mwaka 1899. Mwaka 1913 walimu wa sayansi wa Boston walianzisha ya kwao, lakini vitu vingi vilikaa kwenye makabati ya vioo. Mwaka 1962 alishika uongozi Michael Spock, ambaye utotoni alipata shida ya kusoma. Alivitoa vitu kabatini, na vifaa vya kawaida vikapasuliwa ili watoto waone ndani yake. Mtindo huo ukaenea nchi nyingi.

Nasi Tanzania tuna Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, tangu mwaka 1966. Mtoto huingia ndani ya nyumba za makabila mbalimbali. Lakini nauli ya kutoka Mnero ni wazazi wangapi wanaiweza?

Tukumbuke pia Tendaguru, katika mkoa wetu huu wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 babu zetu walichimba mifupa ya dinosaria, wakaibeba hadi bandari ya Lindi, ikasafirishwa Ujerumani. Mnyama mmoja, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, alisimamishwa Berlin mwaka 1937 na yupo hadi leo. Watoto wa Berlin wanamtazama. Watoto wetu wengi hawajasikia habari zake.

Ndugu zetu, tusisubiri jengo wala mfadhili. Chumba kimoja cha shule kinatosha kuanzia. Tulete kinu na mchi, ungo, kibuyu, mtego, na hata kipande cha reli ya enzi za mpango wa karanga, kabla hakijauzwa chuma chakavu. Kila juma mzee mmoja aje kuwafundisha watoto.

Wapo wanaohofu kwamba vitu vitaharibika. Kinu kikipasuka, fundi atachonga kingine, na watoto watajifunza kwa kumtazama. Mzee akiondoka na ujuzi wake, hatutampata mwingine.

Hata Mtume Tomaso alipewa nafasi ya kugusa. Tuwape watoto wetu nafasi hiyo.