Kabla ya Kupandikizwa Gego la Juu, Omba Picha ya Taya

Mazungumzo ya afya ya kinywa kwa wakazi wa Tetu



Hapa Tetu, kama kwingineko Nyeri, jino likiuma sana mtu huenda kuling'oa kisha akarudi shambani. Pengo la nyuma halionekani mtu akicheka, kwa hivyo hukaa nalo miaka mingi. Baadaye bonasi ya majani chai ikiingia, au mtoto aliye kazini akituma pesa, ndipo anaanza kuuliza bei ya jino la kupandikizwa. Mazungumzo ya leo yanahusu swali linalofaa kutangulia lile la bei: "Daktari, juu ya pengo hili kumebaki mfupa kiasi gani?"

Jino la kupandikizwa husimama juu ya skrubu ndogo, mara nyingi ya titani, inayoingizwa ndani ya mfupa wa taya. Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi aligundua kwamba mfupa hushikana na titani, na mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wa kwanza. Kushikana huko huchukua miezi kadhaa, na mfupa ukiwa haba skrubu haina pa kushika.

Kwa magego ya juu kuna jambo la ziada. Weka kidole kwenye shavu, chini ya jicho, kando ya pua. Nyuma ya mfupa huo kuna chumba cha hewa kinachoitwa sainasi, kimoja kila upande. Kwa mtu mzima, chumba kimoja hujaa kwa maji ya takriban kijiko kimoja cha mezani. Sakafu yake iko juu tu ya mizizi ya magego, na imefunikwa na utando ambao mara nyingi haufiki unene wa milimita 1.

Gego liking'olewa, mfupa uliolishika huanza kupungua kutoka chini, nacho chumba cha hewa huweza kuteremka kutoka juu. Baada ya miaka, mfupa uliobaki katikati unaweza kuwa milimita 3 au 4 tu, ilhali skrubu nyingi zina urefu wa milimita 8 hadi 12. Skrubu ikiingizwa bila kupima, inaweza kuchana utando na kuleta maambukizi ya sainasi. Wakati mwingine huponyoka na kuangukia ndani ya chumba, na mgonjwa hulazimika kufanyiwa upasuaji mwingine wa kuitoa.

Hapo ndipo picha inasaidia. Eksirei ya kawaida ya meno, hata ile pana inayoonyesha taya zote mbili, ni picha bapa. Ni kama nyumba iliyopigwa picha kutoka mbele: mlango na madirisha yanaonekana, lakini huwezi kujua vyumba vinaenda nyuma kiasi gani. Picha hiyo pana pia hukuza vitu, kwa hivyo vipimo vyake si kamili.

Skani ya taya inayotumia miale yenye umbo la koni huonyesha pande zote tatu: urefu, upana na kina. Mgonjwa hutulia, mashine ikazunguka kichwa chake kwa sekunde chache hadi nusu dakika, kisha kompyuta huunganisha picha. Daktari anaweza kuikagua vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Mwaka 2012 chama cha Marekani cha wataalamu wa picha za kinywa na taya kilipendekeza kwamba sehemu itakayopandikizwa jino ipigwe picha ya kuonyesha kina, na kikaitaja skani hii kuwa njia bora.

Daktari huangalia nini? Kwanza, urefu na upana wa mfupa. Pili, kuta ndogo ndani ya sainasi, ambazo watu wengi wanazo bila kujua na ambazo hurahisisha utando kuchanika. Tatu, mshipa wa damu unaopita kwenye ukuta wa pembeni. Nne, kama utando umevimba au mlango wa kutolea kamasi umeziba. Wakati wa baridi ya Julai wengi huku huziba pua, kwa hivyo mweleze daktari kama una mafua au tatizo la sainasi la muda mrefu. Mwambie pia kama unavuta sigara, una kisukari au unatumia dawa za mifupa.

Picha ikionyesha mfupa wa kutosha, kazi huendelea. Ukiwa haba, daktari anaweza kushauri kuinua sakafu ya sainasi na kuongeza mfupa, jambo linaloongeza gharama na miezi ya kusubiri. Anaweza pia kushauri skrubu fupi, daraja la meno, au meno bandia ya kuvaa na kutoa. Hata picha ikisema usipandikize, imekuokolea pesa.

Skani hii hutumia mnururisho, ingawa kwa kawaida ni mdogo kuliko ule wa asili ambao mtu hupata kwa mwaka mzima. Hata hivyo haipigwi ovyo. Uchunguzi wa kinywa na eksirei ya kawaida hutangulia, na mama mjamzito lazima aseme mapema.

Kabla ya kulipa, uliza maswali haya:

1. Mfupa wangu una milimita ngapi, na umepimwa kwa picha gani?
2. Sainasi yangu iko salama?
3. Bei hii inajumuisha skani, na kuongeza mfupa ikibidi?
4. Kuna njia nyingine isiyo ya upasuaji?
5. Nitapewa nakala ya picha zangu?

Hakikisha pia kwamba daktari amesajiliwa. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya lina orodha kwenye intaneti ambayo kila mwananchi anaweza kuikagua. Ushauri wa kwanza unaweza kuupata katika kitengo cha meno cha Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri.

Baada ya kung'olewa gego la juu au kupandikizwa jino, usipenge kamasi kwa nguvu hadi daktari aseme umepona. Ukiona maji unayokunywa yanatokea puani, au upande mmoja wa pua unatoa usaha wenye harufu mbaya, rudi hospitalini bila kuchelewa.

Na kwa yeyote ambaye jino limeanza kumuuma wiki hii: nenda mapema, na uulize kama linaweza kuzibwa kabla ya kung'olewa. Jino likibaki, mfupa wake nao hubaki.