Mtoto Ana Kifua
Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Utange, baada ya Swala ya Alasiri



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Mashekhe wetu, wazazi wetu watukufu, ndugu zangu vijana. Nilipoambiwa nizungumze leo, nadhani wengi walitarajia nitachukua fadhila za kumi la mwisho. Kwa hilo wapo walio bora kuliko mimi, na mmoja wao amekaa hapa mbele. Mimi nitazungumza juu ya ugonjwa wa pumu. Sababu ya kuuchagua nitaisema kwanza, ijapokuwa yanitia haya.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi kama huu, mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka 13. Alirudi nyumbani kutoka mpirani mchana na kifua kimembana. Akatia mkono mfukoni akatoa inhela yake. Mimi nikamwambia, "Utaharibu saumu. Magharibi si mbali, subiri." Nilisema kwa yakini kabisa, maana nimekaa madrasa miaka yote ile na mtu akisoma kidogo hujiona mufti. Naye, kwa kuwa mimi ni kakake, akatii. Akairudisha mfukoni.

Ilipofika saa kumi na moja alikuwa hawezi kumaliza sentensi moja bila kukata pumzi. Mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi. Tulimbeba kwa tuktuk ya jirani, na barabara zetu mwazijua. Hospitali daktari akaniuliza, "Dawa yake iko wapi?" Nikamjibu iko mfukoni mwake. Hakuniuliza kitu kingine.

Alhamdulillah, alipona, na sasa hivi yuko pale nyuma ananicheka. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za pumu kila nipatapo nafasi kwenye maktaba ya chuo, na haya nitakayosema ndiyo niliyoyapata. Mimi si daktari. Kama yupo daktari au muuguzi hapa, anisahihishe.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Hewa tunayoivuta hupita kwenye mirija inayogawanyika kama matawi ya mti mpaka ifike ndani kabisa ya mapafu. Kwa mwenye pumu, mirija hiyo ina uvimbe ndani kwa ndani, hata siku anazojiona mzima. Kwa hivyo inashtuka upesi. Ikikutana na vumbi, moshi, mafua au baridi ya alfajiri, misuli inayoizunguka inajikaza, ute unaongezeka, na njia inakuwa nyembamba. Ndipo mwasikia kifua kinalia kama filimbi. Shida kubwa iko kwenye kuitoa hewa, na ndiyo maana mgonjwa anahisi kifua kimejaa.

Hapa mtaani hatusemi "mtoto ana pumu". Twasema "mtoto ana kifua". Anakohoa usiku miezi sita, anapewa asali na habat soda, anapakwa mafuta, na mama anasema ni baridi tu itapita. Asali haina ubaya, lakini kikohozi cha usiku kinachorudi na kurudi, na kifua kinacholia mtoto akikimbia, si cha kupitishwa hivihivi. Na kuna jambo jengine tusilolisema: tunaficha. Hasa akiwa ni binti. Watu wanaogopa ikijulikana ana pumu posa itarudi. Basi binti wa watu anavuta dawa yake chooni kama anayevuta sigara.

Msidhani ni nyumba mbilitatu. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo. Waliulizwa wanafunzi zaidi ya 27,000 wa umri wa miaka 12 mpaka 14. Katika kila 100, kama 12 walikuwa na dalili za pumu. Hilo halikunishtua sana. Lililonishtua ni kwamba katika hao wenye dalili, 20 tu kwa kila 100 ndio waliokuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba ni pumu. Wanne katika kila watano wana ugonjwa usio na jina, na usio na jina hautibiwi.

Hapa kwetu Kenya pia watafiti hawakulala. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowachukua watoto wa shule wa Nairobi na wenzao wa mashambani, wilaya ya Murang'a. Walipimwa nguvu ya pumzi, wakakimbizwa, kisha wakapimwa tena. Watoto ambao pumzi yao ilishuka kwa kiasi cha kutia wasiwasi walikuwa karibu 23 kwa kila 100 Nairobi, na 13 kwa kila 100 Murang'a. Mji una kitu chake. Kitu gani? Utafiti mwengine wa Nairobi, wa mwaka 1995, ulilinganisha majumba ya watoto wenye pumu na ya wasio nayo. Waliokuwa na pumu, mara nyingi zaidi pale wanapolala palikuwa na unyevu ulioharibu kuta, palikuwa na zulia, na ndani ya nyumba mlikuwa na moshi.

Sasa hebu tuzitazame nyumba zetu za Utange. Masika ikipiga ukuta unatota na kuvu inapanda. Jiko la makaa liko ukumbini kwa sababu nje kunanyesha. Mito ni ya sufi, ya tangu harusi ya mama. Katika vumbi la godoro na mto mnaishi vidudu vidogo ambavyo jicho halivioni. Watafiti wa Uholanzi ndio waliovigundua katika miaka ya 1960 kuwa chanzo kikubwa cha mzio, au aleji kama tunavyoizoea. Vinapenda joto na unyevu, na Mombasa vyote viwili vimejaa tele. Mende nao msiwasahau. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba watoto wenye aleji ya mende waliolala kwenye vyumba vyenye mabaki mengi ya mende walilazwa hospitali kwa pumu zaidi ya mara tatu kuliko wenzao. Kwa hivyo anika magodoro juani, fua mashuka kwa maji ya moto, funika chakula, na jiko litoke nje hata kama ni chini ya kibanda cha makuti. Hayo hayahitaji pesa nyingi.

Nakuja kwenye udi, na najua hapa mama zetu watanikunjia uso.

Udi ni wetu. Hakuna Ramadhani bila chetezo, wala Idi, wala mgeni. Lakini ndugu zetu wa Oman, ambao wanachoma kuliko sisi, walilifanyia jambo hili utafiti na wakachapisha mwaka 2009. Waliwauliza wazazi wa watoto wa shule. Kwa watoto wenye pumu, vumbi ndilo lililotajwa zaidi kuwa linawaamshia kifua, kisha hali ya hewa, kisha mafua na maradhi ya kifua, na cha nne kilikuwa ni moshi wa udi: 38 katika kila watoto 100 wenye pumu. Lakini sikilizeni na upande wa pili, maana uadilifu ni kusema yote. Hawakuona kwamba nyumba zinazochoma udi zina watoto wengi zaidi wenye pumu. Yaani ule moshi unamchokoza aliye nayo tayari. Basi sisemi mvunje vyetezo. Nasema kama nyumbani mna mwenye kifua, fukizeni nguo uani, na chetezo kisipitishwe chumba anacholala. Mgeni hatakasirika.

Na watu wazima? Pumu si ya watoto peke yao. Wapo wanaoanza wakiwa na miaka 30 au 40, na baadhi yao ni kazi iliyowaletea: seremala na unga wa mbao, anayefanya kazi kwenye kinu au kwenye tanuri la mkate, mpiga rangi za magari. Dalili yake ni kwamba siku za kazi kifua kinabana, akipumzika siku mbili tatu kinafunguka. Mwenye hali hiyo amwambie daktari kazi anayoifanya, asingoje aulizwe.

Sasa inhela. Nimesikia maneno mengi: ukiizoea huwezi kuiacha, inaua, ni ya mtu aliyekata tamaa. Asili ya kidude chenyewe ni katika miaka ya 1950 huko Marekani. Binti wa miaka 13 mwenye pumu alimuuliza babake, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya dawa, kwa nini dawa yake isitiwe kwenye kopo la kupulizia kama manukato. Mwaka 1956 kikaingia sokoni.

Lakini kuna inhela za aina mbili, na hapa ndipo wengi tunapopotea. Ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni ya buluu, inalegeza misuli ya mirija. Inafanya kazi kwa dakika chache, ndiyo sababu watu wanaipenda. Haiondoi ule uvimbe wa ndani. Ya pili ina steroidi kidogo, inavutwa kila siku hata mtu akiwa mzima, na ndiyo inayotuliza uvimbe. Hii haionyeshi kitu siku hiyo hiyo, kwa hivyo watu wanaitupa kabatini. Utafiti wa Canada wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kwa kila kopo moja la ziada la hiyo ya pili ambalo mgonjwa alitumia kwa mwaka, hatari ya kufa kwa pumu ilipungua kwa asilimia 21. Na mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu lilitoka wazi kwamba vijana na watu wazima wasitibiwe tena kwa ile ya buluu peke yake. Nadhani hapa ndipo lilipotoka neno la "inhela inaua". Mtu anatumia ya kufungua peke yake, anaipuliza mara ishirini kwa siku, uvimbe unazidi, anakufa nayo mkononi, na watu wanakilaumu kile walichokiona mkononi. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu 455,000 walikufa kwa pumu, na wengi ni wa nchi kama zetu, ambako dawa hii ya pili haifiki au haitumiwi.

Tunafunga vipi basi? Hiyo ya kukinga, mara nyingi ni asubuhi na jioni. Angalieni: daku na futari! Mwenye kupuliza wakati wa daku na tena baada ya kufuturu hajakosa hata dozi moja, na saumu yake haina mjadala. Muulize daktari wako kabla ya Ramadhani akupangie. Ikiwa pumu yako imetulia, uwezekano ni mkubwa kwamba hutaihitaji ile ya buluu mchana.

Na ukiihitaji? Wanavyuoni wamekhitalifiana. Sheikh Abdulaziz bin Baz, Mwenyezi Mungu amrehemu, alisema haifunguzi. Dar al-Iftaa ya Misri wanaona inafunguza kwa kuwa dawa inaingia ndani. Mimi sitawachagulia, nilishajifanya mufti mara moja na mmesikia yaliyotokea. Waulizeni mashekhe wetu. Lakini hakuna upande unaosema mtu anayekosa pumzi asubiri Magharibi. Anayeona inafunguza atakuambia vuta dawa yako, kisha ulipe siku hiyo baadaye, kwa mujibu wa ruhusa ya mgonjwa iliyomo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Na yule mdogo wangu, kwa umri wake ule, ningeliuliza kabla ya kusema.

La mwisho. Mtoto mdogo hawezi kuvuta inhela sawasawa, dawa inaishia kwenye ulimi. Kuna chombo cha plastiki cha kusaidia, lakini kina bei. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walijaribu chupa ya plastiki ya nusu lita, kama hizi za soda, wakaitoboa kitako ili inhela iingie na wakaziba pasivuje hewa. Kwa watoto waliobanwa na kifua ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani. Mtoto anaweka mdomo kwenye mdomo wa chupa, unapuliza dawa mara moja, anavuta pumzi taratibu mara kadhaa. Kikombe chepesi cha kutupa walikijaribu pia, hakikufaa.

Nimekuja na chupa kumi zilizooshwa, waya wa kutobolea na gundi. Baada ya futari nitakuwa pale karibu na birika. Mwenye mtoto mwenye kifua aje na inhela yake, kwa sababu tundu lazima lilingane nayo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.