Haki ya Kutajwa: Tuzo na Wanawake Wachora Katuni

Mhadhara wa umma uliotolewa Rissne, Stockholm



Wengi wetu tumekuja kwa treni ya mstari wa buluu na kushuka katika kituo cha Rissne. Kituo kile kilifunguliwa mwaka 1985, na ukuta wake unasomeka kama kitabu. Wasanii Madeleine Dranger na Rolf H. Reimers waliipanga hapo historia ya dunia kwa maandishi na ramani za rangi, kuanzia takriban miaka 3000 kabla ya Kristo hadi mwaka uleule wa ufunguzi. Ukisubiri treni unapitia karne kwa karne. Lakini ukuta, hata uwe mrefu vipi, una mwisho. Kila tukio lililoandikwa pale lilichaguliwa na mtu, na mengine mengi yakaachwa nje.

Mwaka 1985, ambapo ukuta huo unakomea, yalitokea mambo mawili huko Marekani ambayo nafasi yake ni katika mhadhara huu. La kwanza, alifariki Jackie Ormes, mwanamke Mmarekani Mweusi aliyeanza kuchora katuni za magazeti mwaka 1937. La pili, Trina Robbins na Catherine Yronwode walichapisha kitabu cha historia ya wanawake katika katuni, wakiokota majina yaliyokuwa yameanza kusahaulika. Mchoraji anaondoka, na mwaka uohuo wenzake wanahangaika kuandika habari za watu kama yeye. Hoja yangu ya leo inaanzia hapo: tuzo ya wanawake wachora katuni ni kazi ya kutunza kumbukumbu. Hundi na makofi ni mambo mazuri, lakini yanakwisha. Kinachobaki ni orodha, na asiyekuwemo katika orodha atakuja kuambiwa kwamba hakuwahi kuwepo.

Jackie Ormes na birika la chai

Tumtazame Ormes kwa karibu. Kuanzia 1945 hadi 1956 alichora kibonzo cha fremu moja chenye wahusika wawili, dada mkubwa na mdogo wake. Dada, Ginger, amevaa vizuri na hasemi neno. Mdogo, Patty-Jo, ndiye msemaji, na hakuna jambo la nchi linalompita. Mwaka 1955 kijana wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa Mississippi kwa tuhuma za kumpigia mluzi mwanamke Mzungu. Ormes hakuchora maiti wala mahakama. Alichora nyumba ya kawaida, na mtoto anamlalamikia dada yake kwamba birika jipya jeupe la chai limempigia mluzi. Msomaji wa wakati ule alielewa mara moja. Ubaguzi wote wa jimbo zima uliingia ndani ya chombo cha jikoni.

Mtu mwenye uwezo huo aliingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa Tuzo za Eisner, tuzo za katuni za Marekani, mwaka 2018, miaka 33 baada ya kifo chake. Tove Jansson, mtunzi wa Moomin, wahusika wa katuni ambao nyumba nyingi za hapa zina vikombe vyao, aliingizwa humo mwaka 2016, miaka 15 baada ya kufariki. Heshima ya kaburini ni heshima, siikatai. Ila haimsaidii mchoraji kulipa kodi ya nyumba, wala haimwonyeshi binti wa miaka 12 kwamba kazi hii inaweza kuwa yake.

Somo la Angoulême

Tamasha kubwa la katuni la Ulaya hufanyika Angoulême, Ufaransa. Lilianza mwaka 1974, na tuzo yake kuu humheshimu msanii kwa kazi ya maisha yake yote. Hadi kufika 2015, mwanamke mmoja tu alikuwa ameipata tuzo hiyo kamili, Florence Cestac, mwaka 2000. Claire Bretécher alikuwa amepewa tuzo maalumu ya maadhimisho ya miaka 10 mwaka 1983. Januari 2016 waandaaji walitangaza majina 30 ya wanaowania. Wote 30 walikuwa wanaume.

Wanawake wachora katuni wa Ufaransa, waliokuwa tayari wameungana kupinga ubaguzi wa kijinsia katika fani yao, waliwaomba wenzao wasipige kura. Kisha wanaume walioteuliwa wakaanza kujitoa mmoja baada ya mwingine, Riad Sattouf akiwa miongoni mwa wa mwanzo. Waandaaji walijitetea kwamba historia ya katuni, kwa bahati mbaya, ina wanawake wachache. Utetezi huo tuuchunguze, maana ndio utakaotolewa popote pale, hata kwetu. Waliowateua karibu wanaume peke yao kwa miaka 40 walitumia matokeo ya uteuzi wao wenyewe kama ushahidi kwamba wanawake hawapo.

Orodha ilifutwa na wasanii wakaachiwa wapige kura kwa yeyote wamtakaye. Mwaka uohuo Claire Wendling akawa miongoni mwa watatu waliofika mwisho. Tangu hapo tuzo kuu imekwenda kwa Rumiko Takahashi wa Japani mwaka 2019, Julie Doucet wa Kanada mwaka 2022, Posy Simmonds wa Uingereza mwaka 2024 na Anouk Ricard wa Ufaransa mwaka 2025. Vipaji havikuzaliwa ghafla baada ya 2016. Takahashi alikuwa akichapisha tangu miaka ya 1970. Kilichobadilika ni macho ya wanaochagua.

Na macho hayo yalifunguliwa na watu waliokwisha kuanza kuhesabu. Huko Ufaransa, Chantal Montellier na wenzake walikuwa wameanzisha Tuzo ya Artémisia mwaka 2007, kwa ajili ya katuni zilizotungwa na wanawake, wakaipa jina la mchoraji wa Italia wa karne ya 17, Artemisia Gentileschi. Marekani ilitangulia: chama cha Friends of Lulu kiliundwa mwaka 1994, na tuzo zake zikaanza 1997. Lulu ni msichana wa katuni aliyebuniwa na Marjorie Henderson Buell mwaka 1935, anayezuiwa kuingia katika kibanda cha wavulana. Wenye chama hicho walikuwa na busara ya kutoa tuzo za aina mbili pamoja: moja kwa mwanamke anayeanza, nyingine kwa waliotangulia. Mwaka 2011 chama kikavunjika, na tuzo zake zikafa nacho. Tuzo isiyo na taasisi ya kuibeba huishi maadamu waanzilishi wake wana nguvu.

Hapa Stockholm

Ann Telnaes alizaliwa katika mji huu mwaka 1960, akakulia na kufanya kazi Marekani. Mwaka 2001 alishinda tuzo ya Marekani ya Pulitzer ya katuni za uhariri, mwanamke wa pili tu baada ya Signe Wilkinson wa mwaka 1992. Kumbukeni kwamba tuzo hiyo ilianza kutolewa mwaka 1922. Januari 2025 Telnaes aliacha kazi katika gazeti la Washington Post, baada ya katuni yake kukataliwa. Ilionyesha matajiri wakubwa, akiwemo mmiliki wa gazeti lenyewe, wakimpigia magoti Donald Trump. Mei mwaka uohuo alipewa Pulitzer nyingine. Hapo tuzo ilifanya kazi ya ngao: ilisema hadharani kwamba mchoro uliokataliwa mezani kwa mhariri ulitoka kwenye mkono unaostahili kuheshimiwa.

Uswidi yenyewe ina tuzo za zamani. Sanamu ya Adamson imekuwa ikitolewa tangu 1965 na Urhunden tangu 1987, na zote mbili zimepewa majina ya kazi za wachoraji wanaume. Wanawake wa hapa hawakukaa kusubiri jina lao libandikwe mahali. Mwaka 2005 kule Malmö waliunda mtandao uitwao Dotterbolaget, wakawa wanachapisha na kufanya maonyesho pamoja. Katika kizazi hicho aliibuka Liv Strömquist, ambaye mwaka 2017 michoro yake mikubwa ilitundikwa katika kituo cha treni cha Slussen. Mmoja ulimwonyesha mwanamke akiteleza kwenye barafu, mguu umeinuliwa, kwa mistari myeusi mitupu. Rangi pekee ilikuwa doa jekundu la damu ya mwezi. Nalisema kwa adabu mbele ya wazee, lakini nalisema, kwa sababu mji mzima ulibishana, wanasiasa wakaingilia, na michoro ikabaki ukutani. Abiria walilazimika kuona jambo ambalo nusu ya watu wanaliishi kila mwezi na magazeti hayalichori.

Kwetu Afrika Mashariki

Sasa tugeuke nyumbani. Kiswahili kina hazina ya katuni ambayo lugha nyingi zingeionea wivu. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo mingi. Christian Gregory alitupa Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Jarida la Sani lilitufunza wengi wetu kusoma kwa hamu, na majina ya Madenge, Lodilofa na Ndumilakuwili yakawa lakabu za shuleni. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, na Masoud Kipanya wamefanya kibonzo kuwa kitu cha kwanza msomaji anachotafuta gazetini.

Najivunia orodha hiyo. Kisha naisoma tena na kuona kwamba kila aliyeshika kalamu ni mwanamume, na kila mhusika niliyemtaja ni mwanamume. Mwanamke katika kurasa zile alichorwa sana: mke mkali, kimwana wa mjini, mama mwenye nyumba. Mara chache mno alichora.

Lakini wapo. Kenya inaye Celeste Wamiru, aliyechora katuni za uhariri katika gazeti la The People, na ambaye hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza nchini humo kuifanya kazi hiyo. Kongo inaye Fifi Mukuna, aliyechora katika magazeti ya Kinshasa kisha akalazimika kuishi uhamishoni Ufaransa. Shujaaz, jarida la katuni la vijana lililoanza Kenya mwaka 2010 na kushinda tuzo ya kimataifa ya Emmy, liliwapa wasomaji wasichana wawili, Maria Kim na Malkia, kati ya wahusika wake wakuu. Kazi kama hiyo hufanywa na kundi: yupo anayeandika maneno ya viputo, anayetia rangi, anayekagua hadithi. Tuzo inayomtazama mwenye penseli peke yake itawaacha gizani wengi katika hao.

Najua pingamizi. Wapo wanawake wachoraji wasiotaka tuzo ya wanawake, wakihofia kuwekwa katika chumba cha pembeni. Hofu yao ni ya haki. Wale Wafaransa wa 2016 nao walikataa katakata wazo la kwamba kuna aina ya katuni iitwayo ya kike. Nami nakubali: Ormes alichora siasa, Telnaes anachora madaraka. Tuzo ninayoitetea haimpangii mwanamke achore nini. Inahakikisha tu kwamba alichochora kimeandikwa mahali ambapo wateuzi wa tuzo kuu hawataweza kudai kwamba hawakukiona.

Pendekezo

Napendekeza tuanzishe tuzo ya wanawake wanaotunga katuni kwa Kiswahili, wawe Dar es Salaam, Mombasa, Goma au hapa Rissne. Iwe na sehemu mbili, ya chipukizi na ya waliotangulia, hata waliokwisha kufariki. Imtambue mwandishi na mtia rangi sawa na mchoraji. Majaji waandike sababu za uamuzi wao na kuzichapisha, ili atakayekuja baada ya miaka 50 ajue kwa nini jina hili lilichaguliwa. Fedha zitakazopatikana zilipie uchapishaji wa kitabu cha mshindi badala ya kikombe cha kabatini. Nakala ziwekwe katika maktaba za Afrika Mashariki na katika Serieteket, maktaba ya katuni ya mji huu. Na tuzo yenyewe ikabidhiwe chuo au maktaba, isitegemee uhai wa mtu mmoja, nikiwemo mimi.

Fedha zitachukua muda. Orodha haihitaji fedha. Mwenye kumjua mama, shangazi au dada aliyewahi kuchapisha kibonzo hata kimoja katika gazeti, jarida au kitabu cha shule, aniandikie jina lake kabla hatujatoka ukumbini, pamoja na jina la chapisho na mwaka kama anaukumbuka. Karatasi na kalamu ziko mezani, mlangoni.