Ripoti za Mazingira za Kampuni za Mafuta

Ripoti ya uendelevu ni taarifa ambayo kampuni huitoa kuhusu athari za kazi yake kwa mazingira: gesi inayochomwa, maji machafu, mafuta yaliyomwagika. Kwa miaka mingi imetolewa kwa hiari, na kampuni yenyewe ndiyo huchagua la kusema; si ajabu ikachagua linaloipamba. Vigezo vinavyofuatwa na wengi ni vya Global Reporting Initiative, shirika lililoanzishwa mwaka 1997, ambalo mwaka 2021 lilitoa kigezo maalumu cha mafuta na gesi.

Pwani ya kusini ya Kenya si geni kwa sekta hii. Mwaka 2014 BG Group ya Uingereza ilichimba kisima cha Sunbird-1, kitalu cha L10A, ikakuta mafuta na gesi chini ya bahari. Miaka miwili baadaye ilinunuliwa na Shell. Ripoti za kampuni za ukubwa huo kwa kawaida hujumlisha takwimu za dunia nzima. Mvuvi wa Msambweni anayetega malema hutaka kujua tope la uchimbaji limemwagwa wapi. Jumla ya tani haimjibu.

Ya lazima ni mengine. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 hudai tathmini ya athari na ukaguzi wa kila mara, chini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kenya pia imepanga kampuni zenye maslahi ya umma zifuate viwango vya ISSB, bodi ya kimataifa ya viwango vya uendelevu, kuanzia Januari 2027, ingawa viwango hivyo viliandikwa kwanza kwa ajili ya wawekezaji.