Kununua Kipakatalishi cha Bei Nafuu: Skrini au Prosesa?

Hotuba kwa wakazi wa Landless, Thika



Kila barua za vyuo zinapotoka, shida huwa ile ile: mtoto anahitaji laptopu, chama kimetoa shilingi 25,000, na pesa hizo hazitapatikana tena mwaka huu. Kwa kiasi hicho wengi hupanda matatu hadi Luthuli au Moi Avenue, Nairobi, kutafuta mashine za ex-UK, zilizotumika ofisini ng'ambo kisha zikauzwa tena. Si uamuzi mbaya. Mashine ya ofisi mara nyingi huwa imara kuliko mpya ya bei hiyo hiyo.

Taabu huanza muuzaji anapotaja namba. Hii ni Core i5 ya 2.4 GHz, atasema, na ile ni Core i5 ya 1.6 GHz. Nani angechagua iliyo ndogo? Lakini i5-6300U, yenye 2.4 GHz, ina viini viwili tu vya kufanyia kazi. Ile i5-8250U ya 1.6 GHz ina vinne, na kazi ikizidi hupanda hadi 3.4 GHz. Yenye namba ndogo ndiyo yenye nguvu. Kinachofaa kutazamwa ni tarakimu inayofuata kistari: 6 ni kizazi cha sita, 8 ni cha nane, na 10 katika i5-10210U ni cha kumi.

Kizazi hicho kina uzito kwa sababu nyingine. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 kwa jumla huanzia kizazi cha nane. Fundi anaweza kuilazimisha iingie kwenye mashine ya kizazi cha sita, nayo itawaka vizuri pale dukani. Hata hivyo, Microsoft haiahidi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho ya usalama, na humo ndimo mnunuzi ataingiza nywila zake za iTax, eCitizen na benki.

Sasa skrini. Ile ya 1366 kwa 768 ina vitone vya picha, yaani pikseli, milioni moja na kidogo. Ya 1920 kwa 1080 ina zaidi ya milioni mbili, ikitosha kuweka kurasa mbili bega kwa bega. Lenovo ThinkPad T480 iliuzwa na skrini zote mbili kwa jina lile lile, hivyo jina kwenye kifuniko halisemi lolote. Na mwenye macho hafifu asikimbilie kulipa zaidi: akikuza maandishi kwa asilimia 150 kwenye skrini ya 1920, herufi zitakuwa safi, lakini nafasi itakuwa kama ya 1280 kwa 720, chini hata ya ile skrini ya bei rahisi.

Kama pesa inatosha kitu kimoja, ni prosesa. Katika laptopu nyingi za aina hii prosesa imechomelewa kwenye bodi na haibadilishwi. Skrini fundi anaweza kuibadilisha baadaye, na kwenye T480 hata RAM na SSD huongezwa. Kati ya kizazi cha sita chenye skrini nzuri na cha nane chenye skrini hafifu, cha nane kichukuliwe. Lakini kijana anayeshinda kwenye Excel au anayefanya kazi za kuandika mtandaoni saa nane kwa siku, akipata mbili za kizazi cha nane zinazopishana elfu mbili au tatu, alipie skrini. Macho yake ndiyo yatakayofanya kazi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike msinfo32, asome jina kamili la prosesa. Kisha abonyeze upande wa kulia wa kipanya kwenye skrini tupu, afungue Display settings, asome ukubwa ulioandikwa Recommended. Achomoe chaja kwa dakika ishirini aone betri inavyoshuka. Risiti iandikwe namba ya mashine na muda wa garantii, na muuzaji akikataa kuiandika, maduka mengine yako mlango wa pili.