Tusiishutumu Mota Kabla ya Kuisikiliza

Kila masika yanapoingia katika mwambao wetu, huwakuta wenye magari ya zamani wengi ambao waipa zao zimelala juu ya kioo kiangazi chote bila ya kuguswa, na ambao siku ya mvua ya kwanza, wakiwa katikati ya njia, hubonyeza swichi wakitaraji mikono miwili ya waipa iinuke, nayo isiinuke. Dereva asiyeona mbele hana haki ya kuendelea na safari hata hatua kumi. Yampasa atoke barabarani kwa taratibu, awashe taa zake, angoje mvua ipungue. Lakini mvua ikiisha kupita, ndipo huja swali la nani alaumiwe, na aghalabu lawama yote huangushiwa mota.

Mwenye gari hukimbilia dukani akanunua mota ya mtumba kwa fedha nyingi, ikafungwa, na mikono ikabaki palepale. Nami nasema kwamba mota yafaa iwe ya mwisho kushukiwa, wala si ya kwanza. Mwaka 1903, Bibi Mary Anderson wa Alabama, Marekani, alipopata hataza ya chombo chake cha kufutia kioo, hapakuwa na mota yoyote. Dereva alivuta wenzo kwa mkono akiwa ndani ya gari. Mota ya leo imeshika nafasi ya mkono ule tu, na mkono mzima hauwezi kusukuma kiungo kilichoganda.

Basi tuanze kwa sikio. Washa swichi ya ufunguo bila ya kuwasha injini, fungulia waipa, kisha tega sikio karibu na kioo. Pakiwa kimya kabisa, yamkini umeme haufiki. Pakisikika mvumo wa mota inayojitahidi bila ya kusogea, kuna kitu kilichokaza. Na mota ikizunguka kwa raha ilhali mikono imetulia, nati inayoshika mkono imelegea, au vyuma vya kuunganishia vimechomoka.

Kwa kimya, tazama fyuzi kwanza, kwa kuwa hewa ya bahari huotesha ukungu wa kijani kwenye ncha zake, na kuzikwangua kidogo kwa msasa huenda kukatosha. Ikiwa imeungua, tafadhali usiweke mahali pake karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kama ilivyo ada ya wengi, kwani fyuzi haiungui bila ya sababu, na moto ambao fyuzi ingeuzuia hapo utakwenda kuunguza waya. Kisha kagua waya wa arthi pale unapofungwa kwenye bodi ya gari, maana kutu chini ya skrubu moja yatosha kunyamazisha waipa zote.

Ama mvumo, huo ndio maradhi hasa ya magari ya zamani. Kila mkono wa waipa umekaa juu ya chuma kifupi cha mviringo kinachozunguka ndani ya bushi, na gresi iliyotiwa humo tangu gari lilipotoka kiwandani, ikichanganyika na chumvi na vumbi kwa miaka, hukauka ikanata kama ulimbo. Mota huvuta kwa nguvu zake zote, ikapata joto. Na kwa kuwa baadhi ya mota zina kikatizo kinachozima umeme zinapochemka, utaona waipa zikienda dakika chache, zikafa, na zikiisha kupoa zikafufuka.

Toa waya wa betri kwanza, kwa usalama wa vidole vyako, halafu tenga vyuma vya kuunganishia na mota, ujaribu kuzungusha kila chuma cha mviringo kwa vidole viwili. Kitakachokataa ndicho chenye kosa. Kitie mafuta ya kulegeza kutu, ukiache usiku kucha, asubuhi ukisogeze mbele na nyuma kidogo kidogo mpaka kikubali. Na kikiweza kuchomolewa, kisafishe kwa mafuta ya taa, ukipake gresi mpya. Usipige nyundo, wala usiegemeze bisibisi juu ya kioo kuung'oa mkono, na kabisa usilazimishe mikono kwa nguvu ikiwa bado imeungwa na mota, kwani meno ya gia yatakatika, na hapo ndipo utakapolazimika kweli kununua mota.

Ndugu wasikilizaji, tahadhari kabla ya athari. Mwagia kioo maji mara moja kila wiki, hata wakati wa jua kali, uzifungulie waipa zifanye kazi, kwa sababu chuma kinachozunguka hakipati nafasi ya kuganda. Na fundi akikwambia kwamba mota imekufa, mwombe kwa adabu aifungue, aiunge na betri peke yake mbele ya macho yako: ikizunguka, imeokoka na wewe umeokoa fedha zako; ikikataa, utanunua nyingine kwa yakini. Fundi mwaminifu hatachukizwa na ombi hilo, na asiyelikubali hastahili kukabidhiwa gari linalobeba jamaa zako katika mvua.